Upande wa Kushoto wa Gari ya Bwana Ubwa

Baba yangu, Bwana Ubwa Kheir, alitahini madereva kwa miaka thelathini na moja, na katika miaka hiyo aliwafelisha watu wengi hata sisi watoto wake tukawa hatuna pa kuomba lifti katika kisiwa kizima cha Unguja. Dereva akikuuliza wewe mtoto wa nani, ilikuwa salama zaidi kusema huna baba. Wapo aliowafelisha kwa kutotazama kioo, wapo aliowafelisha kwa kupiga honi bila sababu, na yupo mmoja, mtu mzima na ndevu zake, aliyefelishwa kwa kusema Bismillahi baada ya kutia gia badala ya kabla. Baba husema yule bwana alikuwa na haraka na dunia. Mpaka leo yule bwana anakwenda kwa miguu, na akipita nyumbani kwetu Amani anatazama upande mwengine.

Alipostaafu alipewa saa ya ukutani, ambayo ilisimama wiki ya pili, na kiinua mgongo, ambacho alikinunulia gari. Ilikuwa gari ndogo nyeupe ya Kijapani, ya mwaka tisini na saba, iliyozeeka kwao kwanza ndipo ikaletwa izeekee kwetu. Ameiendesha miaka kumi na moja. Hewa ya chumvi imeila sakafu mpaka ukiinua zulia la nyuma unaiona barabara inavyopita, na jambo hilo baba analiita upepo wa bure.

Uzee wa gari, hata hivyo, ni jambo moja, na yaliyoifika upande wa kushoto ni jambo jengine. Ukiitazama kwa kulia utasema hii ni gari ya mtu mwenye adabu zake: bodi imenyooka, rangi imefifia kwa heshima. Sasa zunguka kushoto. Madigadi imebonyea, taa imeshikiliwa na selotepu, kioo cha pembeni kinaning'inia kwa kipande cha mpira wa baskeli, mlango wa nyuma haufunguki mpaka upigwe teke, na kuanzia mlango wa mbele hadi nyuma kuna mstari mrefu wa rangi ya samawati. Hiyo ni rangi ya ukuta wa jirani yetu, Bi Rukaiya. Ukuta wa Bi Rukaiya nao una mstari mweupe, na Bi Rukaiya, kwa ustaarabu wake, amewaambia watu kuwa ni fundi wa rangi ndiye aliyemharibia.

Sababu yenyewe ilikuwa jicho. Baba haoni kushoto. Niligundua mezani: ukimwekea kikombe mkono wa kushoto, anakaa robo saa akiuliza chai ya nyumba hii siku hizi inapikiwa Dar es Salaam au vipi. Siku moja akaenda hospitali peke yake, akarudi na dawa ya matone, akaificha kwenye droo ya soksi. Mimi nimerudi kwa wazazi baada ya kuachwa na mume wa pili, kwa hiyo nina nafasi ya kutosha ya kuchungulia yasiyonihusu, na nikaisoma karatasi iliyokuwa chini ya chupa. Presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha, la kulia litunzwe, mgonjwa ameshauriwa aache kuendesha gari. Mgonjwa alijiendesha mwenyewe kwenda kuupata ushauri huo, na akajiendesha mwenyewe kurudi nao.

Mtu atasema, basi si umtolee uvivu umwambie. Anayesema hivyo hakulelewa kwetu. Baba huulizwa afya yake kama anavyoulizwa mkubwa wa ofisi: unauliza, unapokea jibu, unashukuru, unatoka kinyumenyume. Nilijaribu lakini.

"Baba, macho yako yanaendeleaje?"

"Yanaona," akasema, na akaendelea kusoma gazeti lake kwa jicho moja.

Na usukani wa gari zetu uko kulia, maana yake kushoto ndiko anakokaa mama. Kila Jumamosi baba humchukua mama yangu, Bi Mwanakheir, kutoka Amani hadi Chukwani kwa dada yake, na kila bonyeo kwenye gari ile liko shibiri moja kutoka kwenye nyonga ya mama. Siku ya ukuta wa Bi Rukaiya alirudi na kiwiko kimechubuka, akasema amejigonga kwenye kabati. Nyumbani kwetu hakuna kabati linalofika kiwiko cha mtu. Niliogopa kwelikweli, nikawa kila Jumamosi nashona nguo za watu dukani kwangu Darajani huku nasubiri simu. Nilitaka kitu kimoja tu: gari ile itoke nyumbani kabla haijamuua mama yangu.

Kwa hiyo baba alipotangaza, baada ya sala ya Ijumaa, kwamba ameamua kuiuza, nilikaribia kumbusu kichwani. Kisha akamaliza sentensi yake.

"Tuiuze vizuri, tuongeze kidogo, tuchukue nyengine. Siku hizi kuna zenye kamera. Ukikaribia kitu inapiga kelele yenyewe."

Mtu aliyefelisha nusu ya kisiwa sasa alikuwa anatafuta gari ya kumfokea. Nikapiga hesabu yangu hapohapo. Gari ikiuzwa kwa bei nzuri, baba atapata nyengine, yenye mwendo zaidi na kelele zaidi, na mama atakaa kushoto kama kawaida. Ikiuzwa kwa bei ya kutupa, pesa haitatosha hata rukwama. Nikawa mtoto pekee katika Zanzibar nzima anayemuombea baba yake ale hasara.

Jumapili tukakaa kikao cha namna ya kuiuza. Alikuwepo kaka yangu Haitham, ambaye kazi yake rasmi ni simu yake, na dalali mmoja anaitwa Junaid, ambaye hakuna aliyemwalika lakini dalali huisikia gari inayouzwa kabla mwenyewe hajaamua. Mama alikuwepo pia, akimenya vitunguu.

Junaid alizunguka gari mara moja, akafika kushoto, akapiga mbinja.

"Bwana Ubwa, nipe laki tano ninyooshe bodi na kupiga rangi. Kisha n'takuuzia kwa mtu wa shamba mimi, tena magharibi, jua lishachwa."

"Unataka nimfichie Muislamu mwenzangu ila ya mali nnayomuuzia?" baba akauliza.

"Si kuficha, mzee. Kusitiri."

Baba akamtolea hotuba ya dakika ishirini juu ya haramu ya kuuza kitu chenye ila bila kuibainisha, kisha akaingia ndani akatoka na karatasi ya mtihani. Alikuwa amebaki nazo kama rimu mbili, sijui serikali ilijua au haikujua. Akaandika ila za gari, moja moja, kwa mwandiko wake wa kiofisi: sakafu imeliwa na kutu, injini inakunywa oili, gia ya tatu inakataa asubuhi, kiti cha nyuma kilikaliwa na kuku wakataga. Zilifika kumi na tano. Ya kumi na tano ilikuwa hii: upande wa kushoto, mikwaruzo ya kawaida. Mtu aliyeshindwa kumficha mnunuzi kuku wetu alikuwa na kijimstari kimoja cha uongo, na alikiandika kwa herufi ndogo kuliko zote.

Haitham yeye hakuwa na shida na haramu. Aliipiga gari picha kumi na mbili, zote za kulia, moja akiwa amelala kifudifudi barabarani ili gari ionekane ina mwili. Akazitupa kwenye makundi ya simu na maneno haya: gari ya mzee mmoja, imetunzwa, haijawahi kugongwa. Kwa kulia, kila neno lilikuwa kweli. Wiki ile walikuja wanunuzi tisa. Kila mmoja aliifurahia gari mpaka alipofika bampa ya nyuma na kukata kona, na hapo maneno yalimkauka. Wakakaribishwa barazani, wakapewa maji ya ukwaju, wakasomewa ila kumi na tano kama watuhumiwa, kisha wakaaga kwamba wanakwenda kushauriana na wake zao. Nina hakika wake zao walishangaa kushauriwa.

Aliyebaki mpaka mwisho alikuwa Hafiz, muuza vigae wa Darajani, mtu mpole. Alisikiliza ila zote, akasema gari ni ya kubebea sampuli tu, anaichukua milioni tatu na nusu. Nikaona yamekwisha. Lakini sikumjua vizuri baba yangu.

"Panda," baba akamwambia. "Nikuone unavyoendesha."

"Mzee, mie leseni nnayo."

"Leseni nilikuwa nnatoa mimi. Panda."

Walizunguka uwanja wa Amaan, wakarudi baada ya dakika kumi. Hafiz alishuka amelowa jasho shingoni. Baba alikuwa na karatasi mkononi, na juu yake msalaba mkubwa wa kalamu nyekundu.

"Gari yangu simpi mtu asiyetazama pande zote mbili," akasema.

Nilitazama chini nikahesabu vigae vya baraza mpaka hamu ya kusema ikanipita. Hafiz akashukuru, maskini, kwa mazoea ya wanafunzi wote wa baba, akaenda zake bila gari. Baada yake wakaja wengine wawili, nao wakafelishwa: mmoja kwa kushika usukani kwa mkono mmoja, na mmoja kwa kucheka. Junaid dalali alisema katika miaka yake yote hajawahi kuona muuzaji anayewakataa wanunuzi kwa alama. Mimi niliona mkono wa Mungu.

Nikaona nisimwachie Mungu kazi yote. Nikamtafuta mnunuzi wa chuma chakavu, nikamleta nyumbani na mizani yake. Yule bwana hakusomewa ila wala hakutaka kuendesha. Aliipiga gari ngumi kwenye boneti, akasikiliza kama mtu anayechagua tikiti, akasema laki saba, na magurudumu ya mbele abaki nayo mzee akipenda.

"Tabia," baba akaniita kwa jina.

"Naam, baba."

"Huyu umemleta wewe?"

"Chuma ni chuma, baba. Huyu hahitaji hata mtihani. Anaikata vipande, tunamaliza."

Baba aliitazama mizani. "Unataka nipimwe kwa kilo," akasema, na siku mbili baada ya hapo kila alichotaka kuniambia alimtuma mama. Nilitamani kumwambia kwamba gari ndiyo iliyokuwa inapimwa, si yeye, lakini sikuwa na hakika kwamba ningekuwa nasema kweli. Iliniuma. Nilikuwa nampenda, na nilikuwa namfanyia vitimbi.

Jumamosi iliyofuata, asubuhi, ikasimama mlangoni gari yenye kibao cha herufi L mbele na nyuma. Akashuka mwanamke wa miaka arubaini na kitu, kavaa buibui na raba nyeupe, funguo kazining'iniza kidoleni.

"Shikamoo, Bwana Ubwa."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Nasima, wa Chukwani. Hunikumbuki? Ulinifelisha mara tatu."

Baba akakaa sawa kwenye kiti. "Kwa sababu gani?"

"Mara ya kwanza sikutazama kioo. Mara ya pili sikutazama kioo. Mara ya tatu ukasema nnatazama kioo mno, barabara nimeiacha na nani."

"Hilo nalo ni kosa," baba akasema, na kwa mara ya kwanza wiki ile uso wake ukachanua.

Kumbe Nasima alipata leseni mara ya nne, na kwa hasira akafungua shule ya kufundisha udereva. Sasa alikuwa anatafuta gari ya wanafunzi wanaoanza. Akaizunguka ya kwetu, akafika kushoto, na badala ya kunyamaza kama wenzake, akacheka kwa furaha.

"Hii ndiyo nnayoitaka. Wanafunzi wangu wananimalizia gari nzima. Hii wataigonga wapi tena? Wataona wenzao washawatangulia. Unataka ngapi?"

"Milioni nne," Haitham akadakia kutoka dirishani.

"Nimekubali."

Hakupunguza hata shilingi. Watu wazima wanaojua kununua vitu Unguja hii hawakubali bei ya kwanza hata ya mchicha, na yule mwanamke alikubali ya gari ile. Niliiona kamera, nikaisikia na kelele yake, nikamwona mama kiti cha kushoto. Tumaini langu lililobaki lilikuwa mtihani. Nikaomba dua amfelishe kwa mara ya nne.

Mama alikuwa ameshajitayarisha kwenda kwa dada yake, kwa hiyo tukapanda sote: Nasima kwenye usukani, baba pembeni yake na karatasi, mimi na mama nyuma, juu ya upepo wa bure. Nasima aliendesha kama mtu anayebeba mayai ya watu. Alitazama vioo, pamoja na kile cha mpira wa baskeli. Alisema Bismillahi kabla ya gia. Baba alikuwa anamwinamia na kuandika, anamwinamia na kuandika, na tulipofika Kiembesamaki akafunika kalamu.

"Umepita," akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi kutoka mwilini mwake.

"Ahsante, Bwana Ubwa." Nasima akaegesha pembeni. "Sasa wewe. Nnataka niisikie ile gia ya tatu nikiwa upande wa abiria, ndiko nnakokaa mie siku zote."

Lilikuwa ombi la kawaida kabisa, na baba hakuwa na njia ya kulikataa. Wakabadilishana. Mama, ambaye alikuwa amekaa nyuma ya dereva, akaniambia nimpishe, akasogea akakaa kushoto, nyuma ya Nasima. Hapo ikanijia kwamba tangu gari ile inunuliwe sijawahi kumwona mama akikaa kiti cha nyuma baba akiwa anaendesha.

Lazima nieleze kidogo. Miaka hii ya karibuni mama akipanda gari huwa anavuta uradi. Midomo inacheza njia nzima, sauti haitoki, na mtu anayevuta uradi hakatizwi, kwa hiyo sisi watoto hatuzungumzi naye garini. Tulikuwa tukijisifu kwa watu kwamba mama yetu hamsahau Mungu hata kwenye mzunguko wa barabara. Siku ile baba alitia gia, midomo ya mama ikaanza, na kwa kuwa alikuwa nyuma, mbali na sikio la baba, ikambidi atoe sauti.

"Kulia," mama akasema. "Kulia kidogo, Baba Haitham. Basi hapo. Nyoosha."

Hakupaza sauti wala hakushtuka. Alisema kama mtu anayesema maneno yaliyokwisha kulainika kwa kusemwa. Na baba, ambaye hajawahi kupokea amri ya mtu yeyote juu ya usukani, akaupeleka usukani kulia kidogo, akaishia hapo, akanyoosha. Hakuuliza kwa nini. Nasima aligeuza shingo akamtazama mama. Mimi nilielewa yote kwa mara moja, na yote yalikuwa mbele ya macho yangu miaka yote hiyo. Uradi gani.

"Kulia, kuna baskeli," mama akasema, lakini lori la mchanga lilikuwa linatupita na neno halikufika.

Nasima aliurukia usukani. Kioo cha pembeni kiligonga kitu, mkungu wa ndizi ukaviringika juu ya boneti, na gari ikasimama vumbini. Kando ya barabara, ndani ya mtaro mkavu, alikuwa amekaa mwanamume mmoja wa makamo, mzima, ameikumbatia baskeli yake. Tulishuka sote isipokuwa mama, kwa ajili ya ule mlango wa teke uliokuwa upande wake.

"Baskeli imetokea wapi?" baba akauliza.

"Haijatokea popote, mzee," yule mtu akajibu, huku anajipangusa. "Mie nimesimama hapa nnauza ndizi tangu saa moja."

Baba alilipa ndizi zote, zilizoharibika na zilizo nzima. Noti mbili zilimdondoka, akainama kuziokota, na moja iliyoangukia kushoto hakuiona. Nikaiokota mimi. Palikuwa na duka na benchi la mbao nje, Nasima akamshika mkono akamkalisha, akaenda kuupiga mlango teke na kumtoa mama, akaja naye akamkalisha kwenye benchi hilohilo. Mwenye duka alitoa maji bila kuulizwa. Nilisimama na mfuko wangu wa ndizi, mwanamke hodari, mlinzi wa mama yake, niliyeleta mizani nyumbani na kuomba dua za hasara, na ambaye katika ujanja wangu wote sikuwahi kumuuliza mama swali hata moja.

Nasima alimwacha baba anywe maji. Kisha akasimama mbele yake, wima, kama alivyosimama bila shaka mara zile tatu.

"Bwana Ubwa, mie gari nnaichukua. Bei ni ileile. Nibainishie ila zake, tupeane mikono."

Baba alitoa karatasi akasoma. Sakafu. Oili. Gia. Kuku. Alisoma polepole mpaka ya kumi na nne. "Upande wa kushoto," akasoma, "mikwaruzo ya kawaida."

Nasima hakunyoosha mkono. Hakumkaripia, hakumkumbusha kitu. Alisubiri tu, na mimi nilimwelewa: kwa desturi yetu biashara haifungwi mpaka muuzaji aseme amemaliza, na yeye alikuwa akimpa baba nafasi ya kumaliza. Lori jengine likapita. Baba aliikunja karatasi mara mbili, akaiweka mapajani.

"Si ya kawaida," akasema. "Jicho la kushoto sina. Mwaka wa tatu huu. Daktari alinambia niache, nikaona nikiacha nitakuwa nani. Mikwaruzo yote ile ni yangu mimi, gari haina kosa." Akanyoosha mkono. "Nimemaliza. Na nyengine sinunui."

Nasima akaupokea mkono ule kwa mikono yake miwili. Baba akampa funguo. Mimi nilikuwa nalia mbele ya muuza duka, na sikujali.

"Ulijua tangu lini?" baba akauliza, sasa akizungumza na mama, ingawa macho yake yalikuwa bado barabarani.

"Nnajua tangu ukuta wa Rukaiya," mama akasema.

"Na ukaendelea kukaa kilekile kiti."

"Ningekaa nyuma, usingenisikia."

Mama alikuwa amekaa kushoto kwake, karibu kiasi cha bega kugusana na bega, na ilimbidi baba ageuze kichwa chote, taratibu, mpaka akamwona.